Babu kaniuliza: tunadaiwa na nani?

Nimekuwa kimya kidogo, si kwa kupenda. Kazi ya gazeti mnaijua: leo uko Tunduru, kesho Mbinga, keshokutwa mhariri anataka habari ya jana. Lakini kuna jambo limekaa kichwani mwangu tangu Juni 2025, na nimeona nisipoliandika litanisumbua.

Leo tuongelee deni la taifa. Tafadhali usikimbie! Najua neno hilo likitajwa redioni watu hubadili stesheni. Nami nilikuwa hivyo hivyo, ingawa ndiyo kazi yangu.

Ilikuwa hivi. Nilikwenda kumtembelea babu kijijini, upande wa Peramiho. Tumekaa barazani tunapukuchua mahindi, redio inasoma hotuba ya bajeti. Waziri wa fedha akafika kwenye deni. Zaidi ya trilioni 100. Halafu likafuata lile neno tunalolisikia kila mwaka: deni letu ni himilivu. Babu akaacha gunzi.

"Mjukuu wangu, wewe umesoma. Hebu niambie, tunadaiwa na nani?"

Nikaanza: Benki ya Dunia, babu, na mabenki ya nje, na nchi fulani fulani...

"Tulikopa lini?"

Zamani, babu. Na juzi pia.

"Na hilo himilivu ndiyo nini?"

Maana yake linahimilika, babu.

"Nani anahimili?"

Jamani, nina shahada. Habari ya deni nimeiandika gazetini zaidi ya mara tatu, na kila mara nimeandika vile vile: waziri amesema deni ni himilivu. Sikuwahi kuuliza swali la babu. Nikamwambia nitamletea jibu. Hii hapa ndiyo kazi niliyoifanya, na ninyi mnaisoma kabla yake.

Tuanzie hapa hapa Songea

Watu wa Dar wanadhani siasa ya kujitegemea ilizaliwa Arusha. Sisi wa Songea tuna la kusema. Miaka kadhaa kabla ya Azimio la Arusha la Februari 1967, wakulima wa Litowa na vijiji vingine vya huku walikuwa wameshaanza kulima pamoja na kugawana mapato kwa utaratibu waliojipangia wenyewe. Umoja wao uliitwa Chama cha Maendeleo Ruvuma. Mwalimu Nyerere aliupenda, akautolea mfano.

Azimio lenyewe lilikuwa kali kuhusu mikopo. Lilionya kwamba nchi inayotegemea fedha za wengine inahatarisha uhuru wake. Halikuwa onyo la nadharia. Mwaka 1965 Tanzania ilikorofishana na Ujerumani Magharibi kwa sababu ya Wajerumani Mashariki waliokuwa Zanzibar, na misaada ikaingia matatani. Desemba mwaka huo huo tukavunja uhusiano na Uingereza kwa ajili ya Rhodesia, na mkopo wa pauni milioni 7.5 ukasimamishwa. Mwalimu alikuwa ameonja mwenyewe ladha ya fedha ya mtu.

Sasa angalia kilichofuata. Septemba 1969 TANU ilikivunja Chama cha Maendeleo Ruvuma. Vijiji vya ujamaa vikawa kazi ya chama na serikali, kutoka juu kushuka chini. Haya ni maoni yangu, unaweza kuyakataa: mipango inayotoka juu huhitaji fedha nyingi kuliko ile inayotoka kwa watu wenyewe. Fedha hizo hatukuwa nazo.

Miaka ya neema

Miaka ya 1970 tulikuwa vipenzi vya wakopeshaji. Benki ya Dunia chini ya Robert McNamara, aliyeiongoza tangu 1968 hadi 1981, iliipenda sana Tanzania. Mikopo ya dirisha lake la nchi maskini ilikuwa nafuu mno: unalipa kwa miaka 50, miaka 10 ya mwanzo hulipi kitu, na hakuna riba ila asilimia 0.75 ya gharama za huduma. Ungekuwa wewe, ungekataa?

China nayo ikatukopesha sisi na Zambia karibu yuan bilioni 1, bila riba, kujenga TAZARA. Reli ya kilomita 1,860 ikakabidhiwa Julai 1976. Mtu wa Songea akitaka treni ya kwenda Dar mpaka leo anapanda basi hadi Makambako. Huo ni mkopo unaoweza kuupanda na kukaa dirishani.

Lakini kulikuwa na mikopo mingine. Kiwanda cha viatu cha Morogoro kilijengwa kwa fedha za Benki ya Dunia kitengeneze jozi milioni 4 kwa mwaka, nyingi zikauzwe Ulaya. Kilifunguliwa mwaka 1980 na hakijawahi kufika hata asilimia 10 ya uwezo wake. Kwa muongo mmoja tu kikawa kimefungwa. Kiwanda kilikufa, deni likabaki hai. Mtoto aliyezaliwa mwaka kilipofungwa alirithi deni la viatu ambavyo hakuna aliyevivaa.

Halafu mikosi ikaja mfululizo. Bei ya mafuta ilipanda 1973, ukame ukapiga 1973 na 1974, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika 1977, vita vya Kagera vikaja 1978 na 1979, na mafuta yakapanda tena 1979. Kahawa na pamba, ambazo ndizo zilikuwa zinatulipia madeni, bei zikashuka. Hazina ikabaki haina fedha za kigeni hata za vipuri vya malori.

Hapo ndipo tukagonga mlango wa Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF. Likataka tushushe thamani ya shilingi, tukate matumizi na tuondoe ruzuku. Waziri wa fedha Edwin Mtei aliona hakuna njia nyingine. Mwalimu akakataa, na Mtei akajiuzulu Desemba 1979. Tarehe 1 Januari 1980 Mwalimu aliwaambia mabalozi mjini Dar kwamba IMF haijapewa kazi ya kuwa wizara ya fedha ya dunia.

Nilipokuwa chuo tulikuwa tunamshangilia sana Mwalimu kwa hilo. Leo siko na uhakika hivyo. Miaka sita iliyofuata ndiyo ile ya foleni za sabuni na sukari, ile ambayo mama zetu wakiisimulia wanacheka lakini macho hayacheki. Kukataa masharti kulikuwa na bei yake, na bei hiyo haikulipwa Ikulu.

Masharti yalipofika kijijini

Mwaka 1985 Mwalimu aling'atuka. Mwaka 1986 serikali ya hayati Ali Hassan Mwinyi ikasaini na IMF, na Septemba mwaka huo nchi tajiri wanachama wa Klabu ya Paris zikatupangia upya malipo. Dola iliyokuwa shilingi 17 hivi mwanzoni mwa mwaka ikafika 40 katikati yake. Mwaka 1990 ilikuwa karibu 200.

Sasa hapa ndipo hadithi inapoingia kwenye baraza la babu.

Ruvuma ilikuwa moja ya mikoa minne mikuu ya mahindi pamoja na Iringa, Mbeya na Rukwa. Katika miaka ya 1970 na 1980 serikali ilinunua mahindi kwa bei moja nchi nzima. Mkulima wa Songea, aliye zaidi ya kilomita 900 kutoka Dar, alilipwa sawa na wa Morogoro. Mbolea nayo ilikuwa na ruzuku kubwa. Mfumo huo ulikuwa na matatizo ya kweli: Shirika la Usagishaji la Taifa, NMC, lilipata hasara za kutisha, na wakulima walikaa miezi wakisubiri malipo. Wakopeshaji wakasema haubebeki. Bei moja ikaachwa, na ruzuku ya mbolea ikapunguzwa hatua kwa hatua katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1990 mpaka ikaisha.

Mwaka 1996 babu alivuna nusu ya alichozoea. Mwaka uliofuata shangazi yangu, aliyekuwa darasa la tano, aliacha shule. Enzi hizo ada zilikuwa zimerudi hata shule za msingi, na juu yake michango. Fedha ya mbolea na fedha ya shule zikagombana, mbolea ikashinda. Babu alifikiri vizuri: bila mbolea wote wangelala njaa. Shangazi leo anauza vitumbua Majengo, na akipokea meseji ananipa simu nimsomee.

Nilipomweleza babu kwamba kuondolewa kwa ruzuku kulikuwa sehemu ya makubaliano na wakopeshaji, alinyamaza kwa muda mrefu. Kumbe miaka yote hiyo aliamini mwenyekiti wa kijiji wa wakati ule ndiye aliyekula mbolea yao. Wameishi jirani karibu miaka 30 bila kusalimiana vizuri.

Na bado kuna kichekesho. Mwaka 2009 Benki ya Dunia ilitupa mkopo wa dola milioni 160, na sehemu kubwa ikalipia vocha za pembejeo, yaani ruzuku ya mbolea kwa wakulima wadogo. Ndiyo, ruzuku. Tulikopa tukatakiwa tuiondoe, tukakopa tena tuirudishe.

Msamaha

Mwishoni mwa miaka ya 1990 deni la nje lilikuwa zaidi ya dola bilioni 7, na serikali ilikuwa inawalipa wakopeshaji fedha nyingi kuliko bajeti ya afya. Makanisa na wanaharakati duniani kote wakaanza kampeni ya kufuta madeni ifikapo mwaka 2000. Hayati Benjamin Mkapa, ambaye ujana wake alisoma seminari ya Kigonsera hapo Mbinga, alilibeba jambo hilo kila mkutano aliokwenda.

Novemba 2001 Tanzania ilifika mwisho wa mpango wa nchi maskini zenye madeni makubwa na kupata msamaha wa takriban dola bilioni 3 katika malipo ya miaka iliyofuata. Baada ya mkutano wa nchi tajiri kule Gleneagles, Uskoti, Julai 2005, ukaja msamaha wa pili. IMF ilifuta dola milioni 336 hivi Januari 2006, na Benki ya Dunia na Benki ya Maendeleo ya Afrika zikafuata.

Je, fedha hizo zilionekana? Mimi ni ushahidi. Ada ya shule ya msingi ilifutwa, na kupitia mpango wa MMEM madarasa yakajengwa kila kona, kwa fedha za msamaha pamoja na mkopo mpya wa Benki ya Dunia. Wanafunzi wa shule za msingi walikuwa milioni 4.4 hivi mwaka 2000. Mwaka 2005 walishapita milioni 7. Mimi nilianza darasa la kwanza 2006, ndani ya darasa la MMEM, tukiwa zaidi ya 80, wengine sakafuni. Lakini nilianza, na nikamaliza. Kati yangu na shangazi hakuna tofauti ya akili. Tofauti ni kwamba yeye alikuwa darasa la tano kabla ya msamaha na mimi baada yake.

Ukifikiri tulijifunza, subiri. Desemba 2001, mwezi mmoja baada ya kusamehewa, serikali ya Uingereza iliidhinisha kampuni ya BAE kutuuzia rada ya pauni milioni 28, kwa mkopo wa benki ya biashara. Benki ya Dunia yenyewe ilisema ni ghali na haitufai. Miaka baadaye BAE ilikiri mahakamani London kosa la kutotunza vizuri kumbukumbu za hesabu za mauzo hayo, na mwaka 2012 ikalipa pauni milioni 29.5 zikanunua vitabu na madawati.

Deni jipya si ndugu wa deni la zamani

Hapa ndipo nilipojifunza jambo ambalo sikuwahi kuliandika gazetini, na ndilo nataka uondoke nalo.

Tukiambiwa deni limepanda, wengi tunajibu kwa mazoea: si litasamehewa tu kama lile? Lile lilisamehewa kwa sababu lilikuwa la serikali za nje na mashirika makubwa ya kimataifa. Hao wana wapiga kura, wana makanisa yanayowapigia kelele, wana aibu. Unaweza kukusanya vijana wakaandamana mbele ya mkutano wao.

Deni la sasa lina sura nyingine. Karibu theluthi moja ya deni letu la nje ni mikopo ya kibiashara, kutoka mabenki na wawekezaji. Huko hakuna miaka 50. Mfano ni mkopo wa dola milioni 600 wa mwaka 2013, uliopitia Standard Bank: miaka 7 tu, tena riba yake ilipanda na kushuka kufuatana na soko la London. Novemba 2015 benki hiyo ilikubali mbele ya mahakama ya London kulipa faini, na Tanzania ikarudishiwa zaidi ya dola milioni 7, kwa sababu dola milioni 6 za mkopo huo zilikwenda kwa kampuni moja ya hapa nchini bila kazi ya kueleweka. Yaani walioshughulikia kesi ni Waingereza.

Halafu kuna suala la dola. Tuseme ulikopa dola 1,000 mwaka 2013, wakati dola ilikuwa shilingi 1,600 hivi. Ulipokea milioni 1.6. Katikati ya 2024 dola ilipita shilingi 2,600, na deni lako likawa milioni 2.6 hata kama hukuongeza senti. Babu hapa alielewa haraka kuliko mimi: "Kumbe ni kama kukopa gunia ukarudisha gunia na debe kadhaa, wakati shamba ni lile lile."

Ng'ambo ya mto wetu kuna somo. Kati ya 2013 na 2014 makampuni ya serikali ya Msumbiji yalikopa karibu dola bilioni 2 kwa dhamana ya serikali, sehemu kubwa bila bunge kujua. Mambo yalipofichuka 2016, wafadhili walisimamisha misaada ya bajeti na fedha yao ikaporomoka. Aliyekuwa waziri wao wa fedha, Manuel Chang, alitiwa hatiani New York mwaka 2024. Zambia, wenzetu wa TAZARA, walishindwa kulipa Novemba 2020, na iliwachukua mpaka Juni 2024 kumalizana na wenye hati za dhamana. Wakati wakisubiri, hawakusamehewa kwa mpigo mmoja kama sisi 2001. Kila mkopeshaji alikuwa na mwanasheria wake.

Hapa kwetu, Desemba 2021 Spika Job Ndugai alisema hadharani kwamba kwa kasi hii ya kukopa nchi inaweza kuja kupigwa mnada. Deni lilikuwa kama trilioni 70 wakati ule. Tarehe 6 Januari 2022 alijiuzulu. Waliomshambulia na waliomtetea walipigana wiki nzima kuhusu Ndugai. Kuhusu mikopo yenyewe tuliongea kidogo sana.

Mimi si adui wa mikopo

Nisieleweke vibaya. Mkopo wa IMF wa dola milioni 567 wa Septemba 2021, ile trilioni 1.3 ya UVIKO, ulijenga madarasa 15,000 nchi nzima. Nimeyaona ya huku kwetu, na watoto wamo ndani. Barabara ya Namtumbo hadi Tunduru, ambayo zamani ilikuwa safari ya kuandika wosia, imejengwa kwa mikopo ya Benki ya Maendeleo ya Afrika na Japani. Benki hiyo hiyo ya Afrika ndiyo iliyokopesha ya Mbinga hadi Mbamba Bay. Ile ya Peramiho hadi Mbinga inayopita karibu na kwa babu haikuwa mkopo kabisa, ilikuwa msaada wa Marekani kupitia mfuko wa Milenia. Babu hakujua tofauti. Nani angemwambia, kama sisi waandishi hatusemi?

IMF katika tathmini zake tangu 2021 imetuweka kwenye hatari ya wastani. Kwa hiyo waziri hakudanganya: kwa vipimo vyao deni ni himilivu. Lakini vipimo hivyo vinapima kama nchi itaweza kulipa. Havipimi ni nani atakayenyimwa kitu ili nchi ilipe. Mwaka 1997 Tanzania iliendelea kuwalipa wakopeshaji wake, na shangazi yangu akaacha shule.

Kwa hiyo nimejiwekea utaratibu. Nikiandika tena habari ya mkopo, sitaandika kiasi peke yake. Nitauliza umetoka kwa nani, riba ni ngapi, unalipwa kwa fedha gani na kwa miaka mingapi, na bunge liliuona mkataba au liliona jumla tu. Mhariri akikata, atakata, lakini nitakuwa nimeuliza.

Jumapili nakwenda Peramiho. Nitamwambia babu kwamba anayehimili ni yeye, na shangazi, na mimi, na kwamba safari hii kuna wengi kati ya tunaowadai kuwa wapole ambao hatuwezi kuwapelekea maandamano. Yeye ameniahidi jambo moja: atapita kwa yule mwenyekiti wa zamani, wakanywe chai.

Nawakilisha, wadau. Kama kwenu kuna mradi uliojengwa kwa mkopo, uwe mzima au uwe gofu, nisimulieni. Tuonane wiki ijayo, mhariri akipenda.